Uso Umeumbwa na Haya: Juu ya Mchezo wa Upelelezi Uitwao L.A. Noire

Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya sabini tulimjua mpelelezi kwa njia ya kitabu. Hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, ya marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyochapishwa mwaka 1960, ilitufikia ikiwa imekwisha poteza jalada, na kurasa zake zimeshikizwa kwa uzi. Tukaisoma mara nne. Humo tukakutana na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, akiichambua habari ya maiti iliyokutwa penye mzimu. Wengine walikuwa tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa yeye aliuliza, akanyamaza, akafikiri, akauliza tena. Tangu wakati huo, kila tusikiapo neno upelelezi, sisi huona mtu aliyetulia.

Hatukutazamia kwamba uzeeni, baada ya kustaafu, tungekabidhiwa sisi wenyewe kazi ya mpelelezi, tena si wa Unguja bali wa Los Angeles, sebuleni kwa dada yetu, mbele ya televisheni. Mpwa wetu alikuwa amenunua mashine ya kuchezea michezo ya video pamoja na santuri kadhaa zilizokwisha tumika, na miongoni mwake ulikuwamo mchezo huu wa L.A. Noire. "Mjomba," akatuambia, "wewe si ndiye bingwa wa Bwana Msa? Shika padi." Tukashika.

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua, hapana budi tueleze kidogo. Mchezo huu ulitengenezwa mjini Sydney, Australia, na kampuni iliyoitwa Team Bondi, chini ya Brendan McNamara aliyeuandika na kuuongoza, ukatolewa na Rockstar Games ya Marekani mwezi Mei mwaka 2011. Mambo yake yanatokea Los Angeles katika mwaka 1947. Mchezaji anakuwa Cole Phelps, kijana aliyerudi kutoka vita vya Okinawa akiwa na nishani, akajiunga na polisi. Anaanza akiwa askari wa doria, anapandishwa hadi upelelezi wa ajali za barabarani, kisha mauaji, kisha maovu ya mjini kama vile dawa za kulevya, na mwishoni anaangukia idara ya moto. Kesi zenyewe ni 21. Mji mzima umejengwa upya, barabara kwa barabara, kwa kufuata picha za kale zilizopigwa kutoka angani. Mchezaji akitaka huiacha kesi kando akaendesha gari kwa saa nzima, akitazama sinema, vituo vya petroli, na wanaume waliovaa kofia.

Juu ya mji huo wachezaji hawakuafikiana. Wengi walikuwa wamezoea michezo mingine ya Rockstar, hasa Grand Theft Auto, ambamo mtu hufanya atakalo, na aghalabu atakalo ni baya. Hapa walikuta mji mpana wenye mambo machache ya kufanya: kuna makosa 40 ya mitaani yanayotangazwa kwenye redio ya gari, basi. Phelps hawezi hata kuichomoa bastola yake apendapo. Wakasema mji ni mzuri lakini ni mtupu. Sisi hatukuona utupu. Mpelelezi anayefyatua risasi sokoni kwa kujifurahisha ni mpelelezi gani? Lakini tukubali pia kwamba baada ya siku tatu tulikuwa tukimwachia usukani mwenzake Phelps, kwani mchezo unaruhusu hivyo, ili tufike upesi kwenye mahojiano. Mahojiano ndiyo roho ya mchezo huu, na humo ndimo tulimoumbuka.

Lazima kwanza tuzitaje nyuso. Kabla ya mchezo huu, uso wa mtu katika michezo ya video ulikuwa kitu cha kuchorwa: midomo ikifunguka na kufumba, macho yakiwa ya kioo. Watengenezaji hawa waliwaketisha waigizaji wa kweli katika chumba chenye mwanga mkali, wakawapiga picha kwa kamera 32 kutoka kila upande wakati wakisema maneno yao, na picha hizo ndizo zikawa nyuso za mchezo. Kila kunyanzi, kila kumeza mate, kila kupepesa kwa jicho ni kwa mwigizaji mwenyewe. Phelps ana uso wa Aaron Staton, ambaye watazamaji wa televisheni wa Marekani walikuwa wakimjua kutokana na Mad Men. Mwezi Aprili mwaka 2011, kabla ya kutolewa, mchezo huu ulionyeshwa katika tamasha la filamu la Tribeca mjini New York, ukiwa mchezo wa video wa kwanza kupewa heshima hiyo. Wachezaji walistaajabu, na wahakiki wakausifu mno. Walioutazama kwa makini zaidi waliona kasoro moja: mwili ulinaswa mbali na kichwa, na kwa hiyo mara nyingine uso hai umekaa juu ya mabega yaliyokakamaa, kama kichwa cha mtu kilichopachikwa juu ya sanamu la duka la nguo.

Nyuso hizi ndizo kazi yenyewe. Shahidi anaulizwa swali, anajibu, kisha ananyamaza na kukutazama, au kutokukutazama; na wewe una vitufe vitatu tu: Ukweli, Shaka, Uongo. Ukichagua Uongo sharti utoe ushahidi kutoka katika daftari lako. Ukipatia, sauti ya muziki inapanda. Ukikosea, inashuka, na habari ile aliyokuwa nayo shahidi imepotea.

Malalamiko makubwa ya wachezaji yalikuwa juu ya kitufe hicho cha kati. Mtu alibonyeza Shaka akikusudia kusema taratibu, "Mama, nadhani hujanieleza yote"; mara akamsikia Phelps akimkaripia mjane kana kwamba amemkuta na kisu mkononi. Haikujulikana ni shaka ya kiasi gani, wala Phelps atasema nini. Jambo hili likageuka kuwa dhihaka iliyoenea dunia nzima: picha ya Phelps amekunja uso, na chini yake maneno ya kubonyeza herufi X ili kutia shaka, ambayo vijana huyatumia hata leo kumjibu mtu mwenye porojo, mpwa wetu amekuwa akiitumia miaka mingi bila ya kujua asili yake. Mchezo ulipotolewa upya mwezi Novemba mwaka 2017, vitufe vilibadilishwa majina vikawa Askari Mwema, Askari Mkali, na Shutumu. Twaona mabadiliko hayo yalifaa. Yalimwambia mchezaji wazi kwamba anachochagua si hukumu juu ya uso wa mtu bali ni namna ya kusema naye. Lakini uso uliendelea kuwa ndio shahidi mkuu, na hapo ndipo penye hoja yetu.

Katika mahojiano yetu ya mwanzo tulikosea karibu kila jibu. Mpwa wetu alicheka mpaka akalala chini. Ilikuwa hivi: kila shahidi aliyeinamisha macho, akageuza uso pembeni, akamung'unya midomo, sisi tulibonyeza Ukweli; na kila aliyetukazia macho bila kupepesa tulimtilia shaka. Hatukufanya hivyo kwa ujeuri. Ndivyo tulivyomsoma mtu maisha yetu yote. Kwetu sisi, mtoto anayesemeshwa na mkubwa hutazama chini. Binti anayehojiwa na wazee hutazama mkeka. Na anayemkodolea macho baba yake akijibu huambiwa ana macho makavu, yaani amekaukiwa na haya. Wahenga wakasema uso umeumbwa na haya. Sasa tunaambiwa kwamba haya hiyo ndiyo alama ya uongo, na ukavu wa macho ndio alama ya ukweli!

"Mjomba, geuza," mpwa wetu akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Akikwepa macho, huyo muongo. Akikutazama, mwamini. Ni hivyo tu."

Tukageuza. Nyota zetu, ambazo mchezo hutoa mpaka tano mwishoni mwa kila kesi, zikaongezeka. Katika juma la pili tulikuwa mabingwa. Alikuwa akiinamisha macho mtu, kidole chetu kimekwisha fika kwenye kitufe kabla hata hajamaliza kumeza mate. Twakiri kwamba tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya aina mbaya, ya mtu anayemnasa mwingine. Usiku mmoja, baada ya kumfokea kwa kinywa cha Phelps mtu aliyekuwa akitazama meza, tuliizima mashine na kurudi nyumbani bila kuaga vizuri.

Mwaka 1974, tukiwa darasa la tano katika shule moja ambayo hatutaitaja, zilipotea fedha za mchicha wa shamba la shule. Zilikuwa shilingi ishirini na kitu. Tulikuwa watoto wanne tuliopeleka mchicha sokoni siku hiyo. Mwalimu alituita mmoja mmoja ofisini na kutuuliza swali moja: umechukua au hukuchukua? Wa kwanza alijibu akimtazama usoni, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mjini, mchangamfu. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo, kwani wa kwanza alikuwa amewaonya mlangoni. Sisi tuliitwa wa mwisho na hatukuonywa. Tulijibu kwa kutazama vidole vyetu vya miguu, kama tulivyofundishwa na bibi yetu. "Niangalie usoni," mwalimu akasema. Hatukuweza. Akasema tena. Machozi yakatangulia. "Basi," akasema, "nimekwisha kujua."

Fimbo si jambo la kusimulia. Kila mtu wa umri wetu alizila. Kilichobaki ni kwamba mama yetu aliuza doti ya khanga ambayo hakuwahi kuivaa, akazilipa fedha zile, na hakutuuliza neno lolote njiani wakati wa kurudi. Muhula uliofuata fedha zilikutwa ndani ya bahasha, kati ya madaftari ya mahudhurio. Mama alirudishiwa fedha. Khanga haikurudi, wala maneno.

Ingekuwa rahisi kuandika hapa kwamba mchezo huu ni wa wageni, wala haujui adabu zetu, kisha tukaweka nukta. Lakini mwalimu yule hakuwa mgeni. Alizaliwa vijiji vitatu kutoka kwetu. Bibi yake na bibi yetu walisuka mikeka pamoja. Alijua fika kwa nini mtoto hutazama chini, na huenda yeye mwenyewe alikuwa akitazama chini mbele ya mkaguzi. Alipotafuta mwizi, adabu hiyo ilimtoka kichwani. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi ambamo watu wa nchi 58 waliulizwa watamtambuaje muongo, na jibu lililotolewa zaidi kuliko yote lilikuwa kwamba muongo hukwepa macho. Kwa hiyo imani hii si ya Los Angeles peke yake. Mwaka huo huo wataalamu wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya namna hii na kuona kwamba mtu wa kawaida, akimtazama mwenziwe na kuamua kama anasema kweli au uongo, hupatia mara 54 katika 100. Kurusha shilingi kungempa 50. Mwalimu wetu alikuwa na watoto wanne na fimbo moja. Angefaa zaidi kurusha shilingi, ingawa shilingi ndiyo iliyopotea.

Wachezaji wa Marekani na Ulaya, kwa njia yao, waliligusa jambo hili. Wengi walisema waongo wa mchezo huu wanaigiza kupita kiasi: wanapindua macho, wanakunja midomo, wanajikuna, kana kwamba wanaomba wakamatwe. Ni kweli, na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mwigizaji aliambiwa ausimamishe uongo usoni ili mchezaji auone. Uongo usioonekana usingekuwa mchezo. Muongo wa kweli, yule anayekuuzia kiwanja cha mtu mwingine, hukutazama machoni, hukushika mkono, na hukuuliza hali ya wazazi.

Kesi iliyotukalia moyoni kuliko zote ni ile ya kipepeo cha dhahabu, katika idara ya mauaji. Mwanamke, Deidre Moller, ameuawa. Wanashukiwa wawili. Mmoja ni mumewe, Hugo, aliyekutwa uani akiunguza viatu. Wa pili ni Eli Rooney, mtu aliyekwisha kuwadhuru watoto wadogo. Wote wawili wamewekwa kituoni, kila mmoja chumba chake, na mpelelezi lazima amshitaki mmojawapo. Ushahidi unamwelekea mume. Lakini Kapteni Donnelly, mkubwa wa Phelps, anaonyesha wazi kwamba anamtaka yule wa pili, kwani mtu wa namna hiyo, kwa maoni yake, astahili kunyongwa kwa jambo lolote lile. Ukimshitaki mume unakaripiwa. Ukimshitaki Rooney unapongezwa, na nyota zinakuja.

Baadaye, kesi kadhaa zikiisha kupita, yatambulika kwamba si huyu wala yule. Wanawake wote wale waliuawa na mtu mmoja, ambaye mchezo unamfanya kuwa ndiye aliyemuua Elizabeth Short. Kifo hicho ni cha kweli: mwili wa binti huyo ulikutwa Los Angeles tarehe 15 Januari mwaka 1947, na muuaji wake hajapata kujulikana mpaka leo. Watu wote uliowafunga katika idara ya mauaji hawakuua. Wanaachiwa kimyakimya, na sifa ulizopewa hazirudishwi.

Hapa wachezaji walikasirika, tena hasira ya haki. Walisema wamedanganywa: walikuwa wameona kwamba ushahidi haukai sawa, na bado mchezo haukuwapa kitufe cha kusema hivyo. Anayeng'amua mapema kwamba mume hakuua hana la kufanya ila kumshitaki mtu mwingine ambaye naye hakuua. Wengine walitetea, wakasema huo ndio ustadi wa mwandishi, kwani polisi ya mji ule katika miaka ile ndivyo ilivyokuwa, na filamu za namna hii za Kimarekani, zenye vivuli virefu na watu wasio wema kabisa, ndivyo zinavyosimulia. Mpwa wetu yumo katika kundi hili la pili. Tulibishana naye chakula kizima. Yeye asema mchezo ulitaka tuonje kuwa Phelps, yaani kupanda cheo juu ya migongo ya watu. Sisi twasema mwandishi akitaka tuonje hatia, sharti atuachie njia ya kuikataa. Hatia ya mtu aliyefungwa mikono ni ya aliyemfunga. Dada yetu, ambaye hajapata kushika padi, aliuliza swali moja tu: "Na huyo Rooney, watoto wale nani aliwapa haki yao?" Tukanyamaza sote wawili. Mchezo nao hauna jibu la swali hilo.

Tugusie kwa haraka jambo la watengenezaji, maana nalo ni la haki. Kazi yao ilichukua miaka mingi. Baada ya mchezo kutoka, waliofanya kazi Sydney walilalamika hadharani juu ya saa ndefu mno za kazi, na juu ya majina ya wenzao zaidi ya 100 yaliyoachwa nje ya orodha ya shukrani. Kufikia mwanzo wa mwaka 2012 karibu nakala milioni 5 zilikuwa zimepelekwa madukani, na kampuni ya Team Bondi ilikuwa imekwisha funga milango. Watu waliotengeneza mchezo wa kutafuta nani alifanya nini walinyimwa kuandikwa kwamba wao ndio waliofanya.

Bwana Msa, tukimkumbuka, hakuwa mkamilifu. Muhammed Said Abdulla mwenyewe aliandika kitabu kizima akakiita Kosa la Bwana Msa, kilichotoka mwaka 1984, na jina hilo lilitufurahisha tulipoliona dukani, kwa kuwa tulikuwa hatujapata kuona mpelelezi anayetangaziwa kosa juu ya jalada. Phelps hana kitabu cha namna hiyo. Ana nyota tano na karatasi ya matokeo, ambamo makosa yake huhesabiwa kwa maswali aliyokosa. Na mtu asiye na hatia aliyemshitaki kwa ustadi huhesabiwa kuwa jibu sahihi.

Juma lililopita tulirudi kwa dada yetu na kuomba kesi ile ya kipepeo cha dhahabu ianzishwe upya. Mpwa wetu alifanya hivyo bila kucheka. Tulikusanya ushahidi wote, tukafika kituoni, tukaingia chumba cha kwanza alimoketi mume wa marehemu. Tukauliza swali. Akajibu, kisha akanyamaza. Katika mchezo huu muda hauishi hapo. Usipobonyeza kitu, mtu yule hubaki akingoja hukumu, na uso wake hurudia mambo yaleyale, kutazama pembeni, kumeza mate, kurudi, kutazama pembeni. Tuliiweka padi juu ya mkeka. Dada alikuwa akiita kwamba chakula kinapoa, na mpwa wetu akanyanyuka kwenda kunawa. Sisi tulikaa kidogo, tukimtazama Hugo Moller akitazama pembeni.